Naomba ushauri: PNPLA3 yangu ni GG na ini lina mafuta, je, kupunguza uzito kuna faida tena?

Ngazi ya Pili (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nimepima jeni na majibu yamenikosesha usingizi. PNPLA3, ile rs738409, nina GG, yaani nakala mbili mbovu. TM6SF2 na MBOAT7, jeni nyingine za mafuta ya ini, ziko kawaida. Altrasaundi inaonyesha ini lina mafuta ya wastani. Umri 41, kilo 91, urefu sm 174. Vimeng'enya vya ini: AST 38, ALT 64; platileti 232. FIB-4, hesabu ya kukadiria makovu ya ini, nimepiga mwenyewe ikaja 1.83. FibroScan: ugumu wa ini 6.4 kPa, CAP (kipimo cha mafuta) 318. Sukari iko sawa, hepatitisi B na C sina, pombe situmii. Swali ni moja tu: kwa jeni hii, kupunguza uzito kutasaidia au ndiyo imeshaandikwa? Nataka ini liwe safi ndani ya wiki sita.

Mzizi Mkavu
Haijaandikwa. PNPLA3 ni protini inayokaa juu ya matone ya mafuta ndani ya seli za ini. Kwenye toleo la I148M, asidi amino ya 148 imebadilika kutoka isoleusini kuwa methionini. Protini hiyo haiondolewi inavyotakiwa, inajirundika kwenye matone na kumshika CGI-58, msaidizi wa kimeng'enya ATGL kinachoyeyusha mafuta. Matokeo yake mafuta yanabaki. Uhusiano huu ulitangazwa mwaka 2008, na tangu hapo umethibitishwa kwenye jamii nyingi. Sasa shika hili: madhara ya jeni hii hukua kadiri uzito unavyopanda. Kwa mtu mwembamba tofauti ya GG na CC (nakala mbili za kawaida) ni ndogo, kwa mnene ni kubwa. Kwa hiyo mwenye GG ndiye mwenye sababu zaidi ya kupungua.

Bi Tarishi
Watu wanatafuta jeni ilhali soda iko mkononi. Acha sukari ya kunywa, acha kukaa kutwa nzima, mengine yatafuata.

Mzizi Mkavu
Bi Tarishi, sukari ya kunywa ni kweli, fruktosi inalisukuma ini litengeneze mafuta mapya. Ila ALT 64 haitibiwi kwa kukaripiwa.

Kopo la Chuma
Kuna dawa siku hizi, resmetirom, Marekani waliipitisha Machi 2024. Muulize daktari wako.

Daktari wa Mtaa wa Pili
Resmetirom ilipitishwa kwa wenye uvimbe wa ini unaotokana na mafuta pamoja na makovu ya hatua ya F2 hadi F3, ambao hawajafika sirosisi, yaani ini kujaa makovu. Mtu wa 6.4 kPa yuko chini ya 8, hatari yake ya makovu makubwa ni ndogo. Hata swali lake si la dawa. Mimi nimekwama kwenye wiki sita. Mleta mada, kwa nini sita? Kuna nini baada ya hapo?

Ngazi ya Pili
Ni lengo tu mkuu, kujipa nidhamu.

Daktari wa Mtaa wa Pili
Nidhamu haina tarehe. Sema.

Ngazi ya Pili
Sawa. Kaka yangu ana sirosisi, na ya kwake ilianza na mafuta. Anahitaji ini na mimi nimekubali kumpa kipande, damu zetu zinaendana. MRI ya tathmini ni baada ya wiki sita. Familia nimeshaiambia, fomu ya awali nimesaini. Nimeanza kula mlo mmoja kwa siku, nalenga kilo 12. Jeni nilipima mwenyewe kwa mate, hospitali hawajui na sioni sababu ya kuwaambia. Wakisikia GG watanitupa nje.

Bi Tarishi
Ndugu ni ndugu. Mungu akuzidishie.

Daktari wa Mtaa wa Pili
Hapo ndipo palipo uzi wenyewe, mambo mengine yote yalikuwa utangulizi.

Upande wa kulia wa ini ni kama asilimia 60 ya ini zima. Wanachopima ni kitakachobaki kwako: kisipungue asilimia 30 ya ujazo wa awali, na ini likiwa na mafuta wanataka zaidi ya hapo. Mafuta yenyewe yakizidi asilimia 30 ya seli, vituo vingi vinakataa, kwa sababu ini lenye mafuta linaumia zaidi damu inapokatwa na kurudishwa, na linakua tena taratibu. CAP 318 haikupi asilimia, inakuambia tu mafuta ni mengi. Asilimia inatoka kwenye MRI ya PDFF, inayopima sehemu ya mafuta kwenye ini, wakati mwingine wanachukua na kinyama cha ini wakakichunguze.

Kilo 12 kwa wiki sita ni kilo 2 kwa wiki. Ukipita kilo moja na nusu kwa wiki unakaribisha mawe ya nyongo, unapoteza msuli, na uvimbe wa ini unaweza kuongezeka badala ya kupungua. Kwa uzito wako asilimia 5 ni kilo 4.6, na hapo mafuta huwa yameshaanza kupungua. Asilimia 7 ni kama kilo 6.4, uvimbe nao unatulia. Makovu ndiyo yanayodai asilimia 10 kwenda juu. Kilo 5 kwa wiki sita zinafikika: punguza kilokalori 500 hadi 750 kwa siku, protini isishuke, tembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki, na ubebe vitu vizito mara mbili.

Kijiko Kimoja
Samahanini wakuu, mimi nanusa chai humu. Nimepiga FIB-4 kwa namba alizotupa: umri mara AST, 41 mara 38, ni 1,558. Kipeuo cha pili cha ALT 64 ni 8, mara platileti 232 ni 1,856. Gawanya, unapata 0.84. Yeye ametuandikia 1.83. Mtu mwenye majibu mkononi anakosaje kwa zaidi ya mara mbili? Halafu mtoaji wa ini anayesubiri MRI anafika na jeni mkononi kabla ya picha? Hadithi imepangwa ili tumwonee huruma.

Kopo la Chuma
Naweka kambi hapa. Chai ikiiva mniite.

Mzizi Mkavu
Subiri kabla ya kumhukumu. Badilisha nafasi ya AST na ALT. 41 mara 64 ni 2,624. Kipeuo cha pili cha 38 ni 6.16, mara 232 ni kama 1,430. Jibu 1.83. Kageuza vimeng'enya, basi. Anayetunga namba huwa hakosei kwa mpangilio huo. Na habari yenyewe ni nzuri kwake: 0.84 iko chini ya 1.3, inakubaliana na 6.4 kPa.

Kijiko Kimoja
Hesabu nakubali. Kipimo cha mate bado nina shaka nacho.

Mzizi Mkavu
Shaka hiyo ina msingi, ila si kwamba anadanganya. Mleta mada, ripoti iliandika "I148M, nakala mbili", au ulipakua faili ghafi ukatafuta rs738409 mwenyewe?

Ngazi ya Pili
Faili ghafi. Mstari unasema GG, sasa shaka ya nini tena?

Mzizi Mkavu
Shaka ni hii. Kwenye DNA, C inakaa mkabala na G. Mabadiliko ya rs738409 ni C kuwa G, kwa hiyo ukisoma uzi wa pili wa DNA, CC inaonekana kama GG na GG inaonekana kama CC. Jeni nyingi ukisoma uzi usio wake unagundua, kwa sababu herufi zinakuwa ngeni. Hii haikustui, herufi ni zilezile mbili. Angalia kichwa cha faili kama kinasema uzi wa kuongeza (plus, +) wa jenomu. Kama hakisemi, huna jibu. Rudia kwenye maabara ya kitabibu na udai jibu kwa asidi amino: 148 ni methionini mara mbili, au vingine.

Ikithibitika GG, kila mzazi wako anayo angalau nakala moja. Wazazi wakiwa wote ni CG, kaka yako ana robo ya kuwa GG na nusu ya kuwa CG. Watoto wako wote watabeba angalau moja.

Ngazi ya Pili
Na bado sioni kwa nini hospitali ijue. Wao wanapima mafuta, MRI ikiwa safi si imekwisha?

Daktari wa Mtaa wa Pili
Haijaisha, kwa sababu kipande utakachompa kitaendelea kuwa na jeni zako hata kikiwa mwilini mwake. Tafiti zimebishana kama mafuta baada ya upandikizaji yanafuata zaidi jeni za mtoaji au za mpokeaji, lakini timu ina haki ya kulijua kabla ya kukata. GG peke yake kwa kawaida si kigezo cha kukufukuza. Kinachofukuza watu ni mafuta, ujazo mdogo, mishipa iliyokaa vibaya na siri. Mwenye ndugu wa tumbo moja mwenye sirosisi ya mafuta anatakiwa achunguzwe makovu kwa makini zaidi, na wao hilo tayari wanalijua kupitia kaka yako. Kuna mtu kwenye timu anayekusimamia wewe tu, si kaka yako. Mpigie huyo kabla ya MRI, mwambie na huo mlo mmoja. Na ukirudia FibroScan, kaa saa 3 bila kula, vinginevyo ugumu unapanda bure.

Ngazi ya Pili
Mlo mmoja nitaacha. Hilo la kupiga simu nitalifikiria baada ya maabara.

Daktari wa Mtaa wa Pili
Majibu ya jeni yanaweza kuchukua wiki kadhaa, na MRI ina tarehe. Simu kwanza.

Bi Tarishi
Na soda?