Mtoto anakimbia kadi za maneno, nimfundisheje kuongea kwa kucheza?

mama_mdogo: Wapendwa, naombeni ushauri. Wa kwangu ana miaka miwili na miezi minne. Ukimwambia leta kiatu, analeta. Ila kuongea ni "mama", "hiki" na "bado", mengine yote kidole. Nilinunua kadi za picha, kila jioni tunakaa: hii nini? Na hii? Siku ya tatu akiniona nazo anajificha nyuma ya pazia. Nataka michezo, si darasa. Na katuni za herufi zinasaidia?

BabaMlezi: Hata mimi ningejificha 😀 "Hii nini?" ni mtihani huo. Mfuate kwenye mchezo wake. Akisukuma gari, kaa sakafuni usukume lako: "Linapanda... linapanda... limeanguka, puu!" Rudia mpaka uchoke. Halafu siku moja ishia kwenye "linapanda..." unyamaze, uhesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Hapo ndipo wengi tunashindwa, tunamjibia mtoto. Wangu alinitazama tu wiki nzima, kisha akasema "puu!" mwenyewe.

Bi_Tega: Na akisema neno moja mrudishie mawili. "Gari." "Ehee, gari limeanguka!" Akianza kuchanganya ngeli pia usimkosoe. Mjukuu wangu alikuwa anasema "kiti yangu", namjibu "kweli, kiti chako, kiti chako kikubwa." Anasikia lililo sahihi bila kuona haya. Kama ana kaka au dada, tegeaneni vitendawili mbele yake. Jibu hatalijua, lakini ile "Tega!" ataidaka upesi, maana inapigiwa kelele na wote.

nesi_mstaafu: Michezo ni sawa, ila msiruke hili. Akifika miaka 2 mtoto kwa kawaida ana maneno kama 50 na anaanza kuunganisha mawili. Huyu ana matatu. Kuelewa kwake ni dalili njema, lakini apimwe masikio. Mafua yakiacha maji nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto husikia nusunusu, na kiatu anaweza kukuletea kwa kufuata macho na mkono wako tu. Mwambie ukiwa nyuma yake, bila kuonyesha. Hata akileta, mpeleke. Kuhusu katuni, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema umri wa miaka 2 hadi 4 skrini isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni heri zaidi. Katuni haimsubiri mtu ajibu.

shangazi_k: Jamani msimtishe mama wa watu. Mume wangu alichelewa kuongea, leo hanyamazi.

nesi_mstaafu: Wapo wanaowafikia wenzao bila msaada, shangazi, sikatai. Tatizo huwezi kujua mapema ni yupi. Na kupimwa hakumzuii kucheza.

mama_mdogo: Asanteni sana. Nimemwita nikiwa nyuma yake: mara mbili kimya, ya tatu kageuka. Sijui ni masikio au gari lilimnogea. Kesho tunakwenda kupima. Zile kadi nilizificha kabatini, kazitoa mwenyewe, kazipanga sakafuni zimekuwa barabara. Nimesukuma gari mpaka kadi ya mwisho, "linapanda...", nikanyamaza. Nilifika saba nikashindwa. Narudi tena sakafuni.