Naomba ushauri: kumpeleka mama En-Vau

Habari zenu ndugu. Mama anakuja Ufaransa kutoka Tanga mwezi wa tano. Tangu nimtumie picha ya En-Vau, kile kighuba karibu na mji wa Cassis, kusini mwa Ufaransa, kila tukiongea anaulizia yale maji. Natamani sana akayaguse mwenyewe.

Tatizo ni njia. Mwaka jana nilipitia vighuba vya jirani, Port-Miou na Port-Pin. Huko ni kutembea tu. Ila mteremko wa mwisho, katikati ya majabali ya chokaa, mawe yamesuguliwa na nyayo za watu hadi yanang'aa, yanateleza kama yamepakwa sabuni. Kuna mahali ilibidi nikae chini nijiburute. Mama ana miaka 61, anatembea vizuri, lakini goti la kushoto humsumbua akishuka ngazi.

Kuna aliyempeleka mzazi kwa kayaki (kile kimtumbwi cha kupiga kasia) kutoka Cassis? Kushuka kwenye zile kokoto kukoje, na mistral, ule upepo mkali wa kaskazini, ukianza mnarudije? Boti za watalii zinazungusha tu, hazishushi watu. Kusubiri kiangazi sitaki, maana njia hufungwa siku za hatari ya moto. Na maji ya kunywa nibebe lita ngapi? Kule hakuna bomba.