Ammonius mwana wa Hermias aliandika machache: mbona anatajwa sana?

Mdadisi: Ndugu wanajukwaa, kila nisomapo habari za falsafa ya Kigiriki ya karne ya 6 nakutana na Ammonius, aliyesomeshwa na mwanafalsafa Proclus huko Athens kisha akafundisha Alexandria, Misri. Lakini kitabu alichokiandika mwenyewe kilichotufikia ni kimoja tu, ufafanuzi wa kitabu cha Aristotle kuhusu kauli. Inakuwaje basi ahesabiwe kuwa nguzo ya Uplato Mamboleo, yaani falsafa iliyoyaendeleza upya mafundisho ya Plato?

Mpenda Hekima: Ndugu Mdadisi, ukihesabu vitabu utamkosa, hesabu wanafunzi. Simplicius, Philoponus, Asclepius na Olympiodorus walimsikiliza, na hata Damascius, aliyekuja kuiongoza shule ya Athens, alipita kwake. Asclepius alivifafanua vitabu saba vya kwanza vya Metafizikia, kazi ya Aristotle kuhusu asili ya vitu vyote, "kutoka katika sauti ya Ammonius", yaani kwa yale aliyoyanukuu darasani. Baadhi ya vitabu vya Philoponus navyo vinakiri katika vichwa vyake kwamba vimetokana na darsa za mwalimu huyo, pamoja na nyongeza za mwanafunzi, na hapo ndipo msomaji wa leo anapotaabika kuzitenganisha sauti mbili.

Bin Seif: Naongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Proclus alimlaumu Aristotle kwa kumfanya Mungu kuwa lengo tu linalotamaniwa na ulimwengu. Ammonius hakumfuata mwalimu wake: alishikilia kwamba Mungu wa Aristotle ndiye pia mtendaji anayeufanya ulimwengu uwepo, na Simplicius anatuarifu kwamba aliandika kitabu kizima kuitetea hoja hiyo. Kama alimsoma Aristotle sawasawa ni suala jingine (mimi nina shaka), lakini kwa njia hiyo Aristotle aliweza kupokewa na watu waliomwamini Muumba.

Mpenda Hekima: Ni kweli, ila tusidhani wanafunzi wake walikubaliana. Philoponus, aliyekuwa Mkristo, aliandika mwaka 529 kumpinga Proclus aliyeshikilia kwamba ulimwengu ni wa milele, naye Simplicius baadaye akamshambulia Philoponus kwa maneno makali mno. Damascius naye alimshutumu Ammonius kwa tamaa ya mali, kwa sababu alifanya mapatano na askofu wa Alexandria. Hata hivyo, ualimu wa falsafa ulipopigwa marufuku Athens mwaka huo huo wa 529, Alexandria haikunyamaza, na mwaka 565 Olympiodorus alikuwa bado anafundisha.