Geji ya presha ya petroli kwenye Datsun 280Z: ifungwe wapi?

Mwenye_280Z aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri wenu kabla sijakata mpira wowote. Ninayo Datsun 280Z ya mwaka 1976, yenye injini ya L28 ya sentimita za ujazo 2,753 na mfumo wa nozeli (vinyunyizio vya petroli vinavyoendeshwa kwa umeme) wa L-Jetronic. Gari huwaka vizuri asubuhi na hukimbia vizuri kwenye tambarare, lakini likipanda mlima mrefu huku nimekanyaga mafuta mpaka chini, nguvu hukatika kana kwamba mtu amefunga koki, kisha nikiachia kidogo hurudi. Tena nikilizima likiwa la moto na kuliacha kwa dakika ishirini, huwaka kwa taabu na kutetemeka kwa muda kabla ya kutulia.

Nimekwisha kubadilisha plagi, nyaya zake na kifuniko cha distribyuta bila kuona tofauti, na nimechoka kununua vipuri kwa kubahatisha. Nimeamua kufunga geji ya presha ya petroli. Je, ikae sehemu gani ya njia ya mafuta, na je, ninaweza kuivuta mpaka kwenye dashibodi ili niisome ninapoendesha? Rafiki yangu mwenye 240Z amenipa geji yake ya zamani, nami ningependa kujua kama itafaa.

Spana_Kumi alijibu:

Ndugu, geji ya rafiki yako mrudishie. 240Z hutumia kaburetta, na pampu yake husukuma petroli kwa takriban robo ya bar (kipimo cha presha) tu, kwa hiyo geji za mfumo ule kwa kawaida huishia kwenye bar 1. Mfumo wako hufanya kazi kwenye bar 2.5. Tafuta geji inayofika bar 6 au 7, maana hapo mshale wako utakaa karibu na katikati ya uso wake, mahali ambapo geji nyingi husoma kwa usahihi zaidi.

Mahali pa kuifunga ni kati ya chujio la petroli lililo chini ya boneti na bomba linalogawa mafuta kwenye nozeli. Ukiifunga kabla ya chujio, utasoma presha ya pampu na hutajua kama chujio limeziba. Ukiifunga kwenye mpira wa kurudisha mafuta tangini, utasoma karibu na sifuri. Weka kiungo cha njia tatu cha shaba, chenye tundu la nyuzi kwa ajili ya geji, na utumie mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mifumo ya nozeli, kwa sababu mpira wa kaburetta hauhimili presha hii. Klempu ziwe za aina inayobana mpira sawasawa kwa boliti ndogo, si zile zenye mikato inayokula mpira. Kwenye nyuzi paka gundi ya maji isiyoyeyushwa na petroli. Utepe mweupe wa mafundi bomba usiutumie kabisa, kwani vipande vyake hukatika na kusafiri hadi kwenye nozeli, na hapo utakuwa umejiongezea ugonjwa.

Kabla ya kufungua chochote, punguza presha iliyobaki ndani: chomoa soketi ya pampu, iache injini ingurume hadi izimike yenyewe, ngoja ipoe, kisha utoe waya hasi wa betri. Hata hivyo zungushia kitambaa kwenye mpira unapouchomoa, na kizimamoto kinachofaa kwa moto wa petroli kiwe karibu na mkono wako.

Mzee_wa_Nozeli alijibu:

Maelezo ya ndugu aliyetangulia ni sahihi, nami ninaongeza jinsi ya kusoma, kwa sababu nimeona watu wengi wakifunga geji vizuri kisha wakaielewa vibaya. Rigeleta ya mfumo huu, yaani kifaa kinachorekebisha presha ya petroli, haishiki presha moja wakati wote. Inashika tofauti kati ya presha ya petroli na ile ya hewa iliyo ndani ya manifoldi, bomba linalopeleka hewa kwenye silinda. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, manifoldi huwa na mvuto mkubwa (presha ya hewa iliyo chini ya ile ya nje), na geji itaonyesha takriban bar 2. Hiyo si kasoro. Ukichomoa mpira mdogo wa mvuto kutoka kwenye rigeleta, mshale unatakiwa kupanda hadi karibu na 2.5; usipopanda, chunguza rigeleta kwanza.

Sasa angalia mlima wako. Unapokanyaga mpaka chini, mvuto wa manifoldi hutoweka, hivyo presha inatakiwa ipande, na wakati huo huo nozeli hunywa petroli nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Ikiwa mshale unashuka badala ya kupanda, basi mafuta hayafiki kwa kiasi cha kutosha. Jambo hili hutalipata gari likiwa limesimama chini ya kivuli, hata ukilitazama kutwa nzima.

Kuhusu dashibodi, msimamo wangu haubadiliki: petroli yenye presha isiingie mahali anapoketi mtu, hata kwa mpira mwembamba. Funga sensa ya umeme kwenye kile kiungo, na waya peke yake ndio upite kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Kumbuka tu kwamba sensa nyingi za waya mmoja hutegemea nyuzi zake kupata hasi, na kiungo kilichoning'inia kati ya mipira miwili hakigusani na chuma cha injini. Usipokiunganishia waya wa hasi, geji haitasoma, au itasoma uongo.

Spana_Kumi alijibu:

Kwa jaribio la siku moja ipo njia nyepesi. Boneti ya gari hili hufunguka upande wa kioo, kwa hiyo mpira wa geji unaweza kutokea kwenye ukingo wa nyuma, na geji ikabanwa kwa nje ya kioo, mbele ya macho ya abiria. Abiria ndiye asome, dereva atazame barabara. Mpira usiguse kitu cha moto, wala usibanwe na boneti.

Mwenye_280Z alijibu:

Ninawashukuru sana. Nilifunga kiungo na geji juzi, nikakagua uvujaji kwa kuchomoa waya mwembamba wa stata na kugeuza ufunguo hadi mwisho, ili pampu izunguke bila injini. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, geji ilisoma bar 2.0, na nilipochomoa mpira wa mvuto ilipanda hadi 2.5. Mlimani, ndugu yangu akisoma, ilianza 2.4 kisha ikateremka polepole hadi 1.4, na nguvu zikakatika pale pale. Chujio nililolikata lilikuwa limejaa kutu laini ya kahawia, kwa hiyo nimeteremsha tangi ili lisafishwe kabla ya kufunga chujio jipya. Lakini nikizima injini, presha hushuka hadi sifuri ndani ya dakika mbili. Je, hiyo pia ni kutu?

Mzee_wa_Nozeli alijibu:

Hilo ni tatizo jingine, na ndilo linalokutesa gari likiwa la moto: presha ikiondoka, petroli iliyo kwenye bomba la nozeli huchemka kwa joto la injini na kugeuka mvuke. Tangi likirudi, washa injini, izime, na papo hapo ubane taratibu mpira unaotoka kwenye pampu, kabla ya geji. Presha ikibaki, vali ya kuzuia mafuta yasirudi iliyomo ndani ya pampu imechoka. Ikiendelea kushuka, rudia kwa kubana mpira wa kurudisha tangini. Ikibaki safari hii, ni rigeleta. Ikishuka katika hali zote mbili, zitazame nozeli sita, na usiisahau ile ya saba ya kuwashia wakati wa baridi, ambayo wengi huiruka. Mpira wa kurudisha usiubane pampu ikiwa inazunguka, kwani presha itapanda kupita kiasi. Tuletee namba utakazozipata.