Siku ya mwisho Pemba kabla ya ndege ya usiku Unguja: tupange vipi?

Mwanakwetu_Wete
Assalaam alaykum wenzangu. Tupo Wete kwa likizo ndefu na sasa tunarudi Copenhagen kupitia Istanbul. Tiketi imeandikwa 03:10, Jumamosi tarehe 22 Agosti, uwanja wa Abeid Amani Karume. Tuko watatu: mimi, mume wangu na kijana wetu wa miaka 19. Sote tuna pasi za Denmark, muhuri wa kuingia ni wa tarehe 24 Mei na viza ni ya siku 90. Kila mmoja ana haki ya mabegi mawili ya kilo 23.

Tulifikiri tuvuke Ijumaa tarehe 21, tuzunguke mjini kidogo, usiku twende uwanjani. Je, inatosha? Halafu kuna mzigo wa wazee: karafuu za shamba kilo tano, samli, halua, ng'onda (samaki wa kukaushwa), machungwa, ndizi mkono wa tembo, mbegu za mchicha. Kijana naye anataka kuzamia Misali Alhamisi, iwe ndiyo mara ya mwisho. Nisaidieni.

Nahodha_Mstaafu
Wa alaykum salaam dada. Ijumaa haitoshi. Agosti ni kusi, na mkondo wa Nungwi wakati huo hauna ahadi na mtu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa onyo la upepo mkali na mawimbi, vyombo huzuiwa, na ndege ya Istanbul haimngoji aliyekwama Mkoani. Vukeni Alhamisi kwa uchache. Boti ikizuiwa siku hiyo, bado mna Ijumaa nzima ya kutafuta ndege ndogo pale uwanja wa Chake Chake. Angalieni ratiba sasa hivi, maana boti za Mkoani si za kila siku.

Lakini msiitegemee ndege ndogo kwa mizigo. Kawaida ni kilo 15 kwa mtu, na wanataka begi laini kwa sababu sanduku gumu halikunjiki kuingia kwenye tumbo la ndege. Nyinyi mna mabegi sita, kilo 138. Kwa ndege ndogo mnaruhusiwa 45. Kwa hiyo mabegi makubwa manne yatangulie kwa boti Jumatatu au Jumanne pamoja na mtu wenu, yakae nyumbani kwa jamaa mjini. Mkibaki na mabegi mepesi, njia yoyote itakayofunguka mtapita.

Dawa ya kichefuchefu mezeni nusu saa hadi saa moja kabla ya boti kung'oa. Ukishaanza kutapika, kidonge hakikai tumboni.

Hesabu_Kwanza
Dada, hapo kwenye muhuri pana jambo kubwa kuliko boti. Siku 90 si miezi mitatu. Ukihesabu tarehe 24 Mei kuwa siku ya kwanza: Mei siku 8, Juni 30, Julai 31, jumla 69. Siku ya 90 ni tarehe 21 Agosti. Ndege ya saa tisa na dakika kumi usiku inafunguliwa kaunta kama saa tatu kabla, yaani saa sita usiku imeshapita. Mtakapofika kwa afisa wa uhamiaji tarehe ni 22, siku ya 91.

Usilisubiri hilo uwanjani. Nendeni ofisi ya Uhamiaji hapohapo Pemba wiki hii, mchukue pasi zote tatu na tiketi iliyochapishwa, muulize wanavyohesabu na kipi kifanyike. Ikibainika mmezidisha mkiwa kaunta usiku ule, mtalipa huku foleni inawatazama.

Na kwa wanaokuja kuwaaga: waambieni wazi kwamba mnaondoka nyumbani Ijumaa usiku, saa tano. Ukisema tu "tunasafiri Jumamosi", kuna watakaokuja na vikapu vyao Jumamosi asubuhi, nyinyi mko Istanbul.

BintiKonde
Karafuu za shamba, hapana kabisa. Biashara ya karafuu Zanzibar iko mikononi mwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kuzitoa nje bila kibali ni magendo, hata ziwe za baba yako mwenyewe. Mzee aziuze kituoni kama kawaida. Nyinyi nunueni za pakiti kwenye duka la ZSTC na muweke risiti pamoja na pasi. Mafuta ya karafuu yanayokamuliwa Wawi nayo ni zawadi nzuri, ila yabaki kwenye chupa ya kioo. Yana nguvu ya kulainisha baadhi ya plastiki, ukiyahamishia kwenye kikopo chepesi yatatoboa hadi kwenye nguo.

Mzani23
Hapo kwenye chakula, Denmark inafuata sheria za Umoja wa Ulaya, tena hazina huruma.

Samli iacheni. Maziwa na vyote vitokanavyo na maziwa haviingii kutoka kwetu, wala nyama ya aina yoyote. Sambusa za nyama za kula njiani ziishie njiani, zisivuke forodha. Halua inahesabiwa kuwa kitu kitamu. Inapita ikiwa samli na maziwa ndani yake hayafiki nusu, na halua ya kawaida haifiki huko, wingi wake ni wanga na sukari. Ng'onda na papa mkavu wanapita, hadi kilo 20 kwa mtu. Muwafunge tabaka tatu, la mwisho liwe ndoo yenye mfuniko wa kubana, la sivyo kanga zote zitanuka papa mpaka Ramadhani.

Matunda mabichi yanayoruhusiwa bila cheti cha afya ya mimea ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Kwa hiyo mkono wa tembo twende, machungwa yabaki. Mbegu za kupanda zinataka cheti. Tangawizi na manjano mabichi yanataka cheti. Yaliyokaushwa na kusagwa hayana shida, kama mdalasini, iliki na pilipili manga. Sababu ni wadudu, hasa nzi wa matunda, kwa hiyo usijaribu kumshawishi afisa kwamba la kwako ni safi. Udongo nao ni marufuku: viatu vya shamba vipigeni brashi na maji kabla ya kufunga.

Msichukue makombe makubwa, matumbawe wala chochote cha kasa, hata kama kimeokotwa ufukweni.

Kupima: kama hamna mzani wa begi, muombeni muuza samaki ule wake wa kuning'iniza. Funga kwa kilo 22, si 23, maana mizani hailingani na ya kaunta ndiyo yenye neno. Begi moja lisipite 32 hata ukiwa tayari kulipia. Pawabenki zote mkononi: ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, iko ndani ya kikomo cha 100, ndani ya begi la kaunta haitakiwi.

Na vifurushi vya "mpelekee mwanangu", fungua kila kimoja mbele ya aliyekileta. Asiyetaka kifunguliwe akipeleke mwenyewe. Kikikutwa na kitu, ni chako.

Mzamiaji_Njao
Kijana asizamie Alhamisi. Baada ya kuzamia mara kadhaa kwa mtungi, subira inayoshauriwa kabla ya kupanda ndege ni saa 18 kwa uchache. Mzamio mmoja tu usiohitaji kusimama njiani wakati wa kupanda juu ili kupunguza shinikizo, saa 12. Naitrojeni iliyoingia mwilini inahitaji muda kutoka, na shinikizo la hewa likipungua juu angani, naitrojeni hiyo inafanya mapovu kwenye viungo na damu. Ndege ndogo ya Chake nayo ni ndege. Mkikosa boti mkapanda hiyo Ijumaa asubuhi, hesabu yake yote inaharibika. Mtungi wa mwisho uwe Jumatano, nguo za kuzamia apate siku nzima kuzikausha, zikiwa mbichi zinakula kilo. Kuogelea kwa miwani na bomba juu ya maji, ruhusa hata siku ya safari.

BintiKonde
Ijumaa mkiwa mjini, kubadilisha shilingi na duka la ZSTC mmalize kabla ya saa tano asubuhi. Kuanzia saa sita hadi saa nane maduka mengi yamefungwa kwa sala. Shilingi zetu Copenhagen hutapata wa kuzibadilisha, acheni za teksi na chai tu. Na kama mnameza dawa za malaria, msiziache mkifika: atovakwoni na proguanili siku saba zaidi, doksisaiklini wiki nne.

Mwanakwetu_Wete
Allah awalipe. Kesho asubuhi tunakwenda Uhamiaji, kijana ameshaambiwa Jumatano na amenuna. Swali la mwisho: halua niiweke begi la mkononi?

Mzani23
La kaunta. Ni laini, mashine ya ukaguzi inaihesabu kama krimu, na ikizidi mililita 100 inatupwa mbele ya macho yako. Itoe kwenye kikapu cha ukili kwa sababu samli hupenya, ifunge kwa nailoni ya chakula mara mbili, uitie kwenye kopo gumu. Kikapu kiweke kitupu pembeni, utairudisha ukifika.