Mwenye kifafa kuzuiwa kucheza ligi: anasaidiwa au anaonewa?

Wakuu, wiki iliyopita winga wetu wa kulia, kijana wa miaka 19, alianguka kifafa katikati ya mazoezi. Wenzake walikimbia, kwa ile imani kwamba ukigusa povu na wewe unakipata. Juzi kamati ya timu ikakaa, ikaamua asicheze tena ligi, "kwa usalama wake". Mtaa umegawanyika. Mimi nasema ameonewa, na nasema hivyo nikiwa na kifafa tangu darasa la sita.

Kijana huyu anaendesha bodaboda. Kamati iliyomvua jezi haikumwambia neno kuhusu pikipiki, ambako sekunde 20 za kupoteza fahamu zinatosha kumuua yeye na abiria wake. Ndiyo maana siamini kwamba walikuwa wanauwaza usalama wake. Waliogopa mechi kusimama huku watu wanatazama.

Hatari za michezo zimeshapangwa na wanaojua. Mwaka 2016 wataalamu wa chama cha kimataifa cha kupambana na kifafa, ILAE, waligawa michezo makundi 3. Mpira wa miguu upo kundi la kwanza pamoja na mbio, kikapu na wavu: kifafa hakiongezi hatari kubwa. La pili lina kuogelea, baiskeli na kunyanyua vyuma, ambako mchezaji mwenyewe anaweza kuumia. La tatu ndilo la kuogopwa: kuzamia, kupanda miamba, mashindano ya magari na pikipiki.

Na hata kundi la pili lina mabingwa. Marion Clignet, mwendesha baiskeli aliyezaliwa Marekani kwa wazazi Wafaransa, aligundulika na kifafa akiwa na miaka 22. Marekani haikumpa nafasi, akavaa jezi ya Ufaransa. Mwaka 1996 alichukua medali ya fedha ya Olimpiki palepale Atlanta, nyumbani kwa waliomkataa, na nyingine Sydney 2000. Dai Greene wa Uingereza, bingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi mwaka 2011, naye ana kifafa.

Karibuni tujadili.

Kocha wa vijana:
Mkuu, nimekusoma, na kijana namwonea huruma. Lakini likitokea la kutokea, si wewe utakayepiga hodi kwa mama yake. Ni mimi. Umetaja mabingwa, mbona hukumtaja Florence Griffith Joyner, yule mkimbiaji wa Marekani? Kifafa kilimuua mwaka 1998 akiwa na miaka 38. Halafu hao wa Ulaya wana daktari pembeni ya uwanja. Sisi tuna ndoo ya maji na barafu. Tunasafiri usiku kucha kwenye basi, tunashuka alfajiri, saa kumi jioni tunacheza. Kijana hajalala, dozi kaisahau nyumbani. Nani anabeba dhamana?

Muuguzi:
Kocha, hapo kwenye basi umegusa penyewe. Kukosa usingizi na kuruka dozi ni vichocheo vikubwa. Mwezi wa Ramadhani pia tunawaona wanaofunga bila kwanza kuomba ushauri wa kupanga upya saa za vidonge. Ila WHO inasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Mleta mada, huyo kijana anatumia dawa?

Mleta mada:
Dada, hapana. Alikuwa anapewa akiwa mdogo, nyumbani wakaacha walipoona haanguki. Nimeyajua haya jana tu.

Kocha, Florence alifia usingizini kitandani, miaka kadhaa baada ya kustaafu. Kitanda hatujakipiga marufuku. Lakini la basi na dozi sina jibu lake, na nakiri umenigeuza nusu: Jumamosi asicheze. Kwanza amwone daktari, arudi kwenye dawa, tuone miezi michache. Pikipiki nayo aiweke chini, na hilo nitamwambia mwenyewe ingawa najua ndiyo ugali wake.

Kinachoniuma ni neno "tena" katika uamuzi wa kamati. Mimi nilitolewa timu ya shule kwa neno hilohilo. Niliposajiliwa mtaani nilificha. Nilicheza misimu miwili vidonge vikiwa ndani ya soksi, hakuna hata mmoja pale aliyejua anigeuze upande gani nikianguka. Siku nilipoanguka walinitia kijiko mdomoni, likavunjika jino. Wachezaji wetu wakiona mwenzao kafukuzwa, mwingine mwenye kifafa hatasema.

Kwa hiyo Jumamosi naiomba kamati ibadilishe "asicheze tena" iwe "asicheze mpaka daktari aruhusu". Na wachezaji wote wafundishwe: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, usimtie chochote mdomoni, usimkandamize, tazama saa. Zikipita dakika 5, hospitali.

Kama kuna timu humu ina mchezaji wa hivi na imejiwekea utaratibu wa safari na dawa, naomba uwekwe hapa kabla ya Jumamosi.

Kocha wa vijana:
Hayo ya kumlaza ubavu nawafundisha wangu kesho. Ligi bado sijakubali.