Tupeane uzoefu: jamaa zetu waliokimbia nchi wakaendelea kuipigania wakiwa ng'ambo

Binti wa Bahati (Nakuru)
Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu jamaa, majirani au walimu wetu waliolazimika kuikimbia Kenya kwa sababu ya siasa, kisha wakaendelea kudai demokrasia wakiwa ugenini. Kilichonikumbusha ni habari za wageni wanaokamatwa katika miji yetu na kurudishwa walikokimbia, mambo ambayo nilidhani tuliyazika pamoja na chama kimoja. Sisi wa Bahati tulikulia karibu na jambo hili, kwa kuwa Koigi wa Wamwere, aliyechaguliwa mbunge wa Nakuru Kaskazini mwaka wa 1979, alikwenda uhamishoni Norway, na alipokamatwa mwaka wa 1990 na kushtakiwa kwa uhaini, malalamiko ya Norway yaliifanya serikali yetu ivunje uhusiano wa kibalozi na nchi hiyo.

Amu yangu alikuwa Sweden wakati huohuo. Barua zake zilifika zikiwa zimefunguliwa na kubandikwa upya, kwa hiyo akawa anaandika habari za theluji tu, na mambo yenyewe tukayapata kwa mdomo kupitia mtawa mmoja aliyesafiri mara kwa mara. Nyanya alifariki akijua mengi kuhusu theluji kuliko kuhusu mwanawe. Ningependa kusikia hasa kilichowapata waliobaki nyumbani.

Mwalimu Mstaafu (Kakamega)
Asante kwa kuianzisha mada hii, binti yangu. Mwaka wa 1986, msako wa Mwakenya, lile vuguvugu la siri lililoipinga serikali, ulipopamba moto, mwenzangu tuliyefundisha naye alichukuliwa darasani, na mkewe akazunguka kila kituo bila kuambiwa alipo. Jina lake lilitoka hapa likiwa limeshonwa ndani ya upindo wa gauni la msafiri, likafika London kwa ile kamati ya kudai wafungwa wa kisiasa wa Kenya waachiliwe, iliyokuwapo tangu 1982 na ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o na Abdilatif Abdalla walikuwa miongoni mwa watu wake. Baadaye gerezani alianza kupokea kadi kutoka kwa watu wasiomjua, wenye majina asiyoweza kuyatamka, na tangu siku hiyo, alivyonieleza mwenyewe, askari jela walimpa dawa alizokuwa akinyimwa. Mwaka wa 1987 Amnesty International ikatoa ripoti nzima kuhusu mateso na kesi zisizo za haki nchini mwetu. Ushauri wangu kwa yeyote ambaye jamaa yake ametoweka ni kwamba alitangaze jina mapema na kwa sauti, kwa maana mfungwa asiyejulikana ndiye anayekufa kimya.

Nyakwar Kano (Ahero)
Ni kweli kabisa, Mwalimu. Kadi hizo hata kwetu zilionekana.

Mtoto wa Mvuvi (Port Victoria)
Mwalimu amenigusa pabaya, kwa hiyo niwieni radhi nikiandika kwa urefu.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa omena. Katika msako huohuo aliletewa kijana wa chuo kikuu, amevaa viatu vya ngozi na kubeba mkoba wa vitabu, akaombwa amvushe hadi kisiwa cha Sigulu upande wa Uganda. Jambo la kwanza baba alilofanya ni kumvua viatu, kwa sababu mvuvi haingii ziwani na viatu vya ngozi. Hapakuwa na mwezi, na wavuvi wote walikuwa wamewasha karabai ili omena wakusanyike kwenye mwanga. Baba naye aliwasha zake, kwa hoja kwamba mtumbwi wa giza katikati ya mitumbwi yenye taa ndio unaotiliwa shaka.

Walipokaribia mpaka, boti ya doria iliwajia, na askari akataka kujua kwa nini wamekwenda kuvua mbali hivyo. Kijana alikuwa amelala chini ya nyavu mbichi, na juu yake walikuwa wamemwaga omena wa usiku ule. Askari aliinama na ndoo, akachota kutoka rundo lilelile, akachota tena. Kaka yangu, aliyekuwa akishika kasia, anasema aliona kitambaa cha shati kikianza kuonekana. Baba akamwambia, "Afande, hao wa chini wamepondeka, ngoja nikupe wazuri wa huku mbele," akampokonya ndoo kwa adabu na kuijaza mwenyewe. Injini ikawaka, wakaondoka.

Kijana alifika salama, akaishia Ulaya, akawa msemaji hodari wa mateso ya Wakenya. Hapo ndipo masaibu yetu yalipoanzia. Katika mkutano wa hadhara alieleza jinsi alivyotoroka: ziwa, omena, karabai, kila kitu isipokuwa jina la baba, na maelezo hayo yakachapishwa. Haikuchukua muda, maafisa wakaja ufuoni wakawachukua wanaume wote wenye mitumbwi ya taa. Baba alirudi akiwa haisikii dunia kwa sikio la kushoto, mtumbwi hatukuuona tena, na dada zangu wakaacha shule. Kwa hiyo, Mwalimu, nakuheshimu, lakini mimi nasema kinyume chako: anayesimama jukwaani London au Oslo afiche njia aliyopitia na mikono iliyomshika, hata kama hadithi yake itapungua utamu.

Binti wa Bahati (Nakuru)
Nimesoma nikasimama. Pole sana, ndugu yangu. Baba alisema nini kuhusu yule kijana?

Wa Kitale
Pole kwa familia. Lakini nami niseme lililo moyoni, kwa kuwa hapa tunawasifu waliokwenda ng'ambo pekee. Mjomba wangu alikuwa dereva katika mradi wa Norway huko Turkana. Uhusiano ulipovunjwa mwaka wa 1990, Wanorway walifunga virago, naye akarudi nyumbani bila mshahara. Hao waliokimbia walikuwa wakihutubia katika kumbi zenye joto huku sisi tukilipa gharama.

Mzee wa Bondeni (Nakuru)
Wa Kitale, elekeza lawama panapostahili. Aliyevunja uhusiano ni aliyekasirishwa na kuulizwa habari za mfungwa wake. Na usidhani ugenini palikuwa na raha: Mĩcere Gĩthae Mũgo, mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliondoka mwaka wa 1982 na watoto wadogo, akapokonywa uraia, Zimbabwe ikampokea. Mimi nilihudhuria kesi ya Koigi hapa Nakuru katika miaka ya 1994 na 1995, shtaka likiwa la wizi wa mabavu ambalo adhabu yake ni kifo. Waangalizi walitoka ng'ambo wakaketi nasi kwenye mabenchi, na kuja kwao kulitokana na kelele za waliokuwa nje. Alihukumiwa kifungo cha miaka minne na viboko sita. Naamini bila macho yale tungemzika.

Wa Kitale
Mzee, sibishani kuhusu Koigi. Nasema kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilifutwa Desemba 1991 kwa sababu watu walipigwa risasi hapa nyumbani katika Saba Saba ya 1990, maandamano ya kudai vyama vingi, na sababu haikuwa mabango ya London.

Mwalimu Mstaafu (Kakamega)
Na mwezi mmoja kabla ya kufutwa, wafadhili walikutana Paris wakasimamisha misaada mipya. Nani aliyewapelekea habari za Saba Saba, na nani aliyekaa akizirudia mlangoni mwao mpaka wakasikia? Hata hivyo, akina mama wa wafungwa walioketi Uhuru Park mwaka wa 1992 pamoja na Wangari Maathai hawakumsubiri mfadhili yeyote, kwa hiyo nakupa nusu ya hoja yako.

Jirani wa Nyalenda (Kisumu)
Mada imekwenda kwa wazee, nami naomba tuirudishe kwa leo. Julai 2024 wafuasi 36 wa chama cha upinzani cha FDC cha Uganda walikamatwa hapa Kisumu, wakavushwa mpaka, na kushtakiwa kwao kwa makosa ya ugaidi. Nyumba ninayoishi ina mpangaji kutoka nchi jirani ambaye huandika sana kuhusu uchaguzi wa kwao, na tangu wakati huo halali chumba kimoja siku mbili mfululizo. Nimsaidieje?

Nyakwar Kano (Ahero)
Mwambie ajisajili rasmi kama mkimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza mtu kurudishwa mahali atakapoteswa.

Wa Kitale
Asijisajili popote. Orodha husomwa na wengi. Abadilishe simu, na aje Kitale alime mahindi. Hakuna atakayemtafuta shambani.

Mzee wa Bondeni (Nakuru)
Atafutiwe wakili leo, na nambari ya wakili huyo iwe kwa majirani wanne. Wewe pia, uiweke.

Mtoto wa Mvuvi (Port Victoria)
Jirani, asipige picha nyumba unayoishi, wala asikutaje hata kwa shukrani.

Binti wa Bahati, uliuliza. Yule kijana alirudi baada ya uchaguzi wa 1992, akiwa na mvi, akaja kumwamkua baba. Baba alimuuliza kama watu aliowasemea walitoka gerezani. Akatajiwa majina, wengi wakiwa wametoka. Mama alimpikia samaki, akala. Kisha baba akamdai mtumbwi wake, na wakakubaliana alipe kidogo kidogo. Alilipa wote, akaongeza karo ya dada yangu mdogo, ambaye leo ni muuguzi Busia.